Je, Chuchu Inaweza Kutengenezwa Upya?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari waliokuwa likizoni kijijini Songo Mnara, Kilwa)



Jana tuliweka boksi la maswali hapa chini ya mwembe, na leo asubuhi nimelifungua. Mengi ni yale ya siku zote: chunusi, hedhi, ndoto nyevu, mapenzi. Hayo tutayajibu kesho. Lakini liko moja limeandikwa kwa penseli, halina jina, linasema: "Mama yangu mdogo alikatwa titi kwa sababu ya kansa. Siku hizi haogi tena na wenzake. Je, madaktari wanaweza kumrudishia titi na chuchu?"

Leo nitajibu hilo peke yake. Naona wengine mmeshaanza kucheka chinichini. Haya, chekeni kidogo, halafu tuendelee.

Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Jibu refu lina "lakini" nyingi.

Kwanza, kwa nini titi likatwe lote? Kwa sababu kansa ikishaenea ndani ya titi, daktari anaondoa kila mahali ilipofika, na chuchu huenda nayo. Hapa Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya shingo ya kizazi, na wagonjwa wengi wanafika hospitali wamechelewa. Uvimbe ukiwahiwa, mara nyingi unaweza kutolewa peke yake na nyama kidogo inayouzunguka, kisha mgonjwa anapigwa mionzi na titi linabaki. Zamani haikuwa hivyo. Daktari William Halsted wa Marekani, tangu miaka ya 1880, alikuwa anakata titi pamoja na misuli ya kifua, na dunia nzima ikamfuata. Mwaka 1985 Bernard Fisher na wenzake walitoa matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba kwa uvimbe mdogo, anayetolewa uvimbe na kupigwa mionzi anaishi sawa na yule aliyekatwa titi zima.

Sasa tuseme titi limeshakatwa. Kutengeneza jipya kunaanza na titi lenyewe: ama wanaweka mfuko wa silikoni chini ya ngozi, ama wanachukua nyama ya mwenyewe, ya tumboni au mgongoni. Chuchu inakuja mwisho, kwa kawaida miezi mitatu au zaidi baadaye, titi likishatulia. Ukiiweka mapema, titi likishuka unajikuta na chuchu mahali pasipo pake! Na aliyepigwa mionzi anaangaliwa zaidi, maana ngozi yake haiponi upesi.

Njia inayotumika sana ni kutumia ngozi ya titi hilohilo. Daktari anachora alama kwa kalamu mgonjwa akiwa amesimama, ili chuchu ilingane na ya upande wa pili. Kisha anakata ngozi na mafuta kidogo, lakini hakati pande zote. Anaacha sehemu moja imeshikamana, kama embe lililoning'inia kwenye kikonyo chake, ili damu iendelee kupita. Ile ngozi anainyanyua, anazungusha mabawa yake kama muuza karanga anavyokunja karatasi, anashona. Mara nyingi ni kwa ganzi ya mahali pale tu, na jioni mgonjwa yuko nyumbani. Anaifanya kubwa kuliko inavyotakiwa, kwa sababu itasinyaa, hata kufikia nusu au zaidi. Kwa wiki kadhaa inakingwa kwa kitambaa kilichotobolewa katikati isibanwe na nguo.

Njia nyingine ni kugawana. Kama chuchu nzima iliyobaki ni kubwa, anakata kipande chake na kukipandikiza upande wa pili. Mimi ningekuwa mwanamke ambaye bado anataka kunyonyesha, hapo ningeuliza maswali mengi kwanza.

Bado lile duara jeusi. Zamani walipandikiza ngozi ya kinenani, ambayo huwa nyeusi zaidi. Siku hizi wengi wanachorwa tatuu: wino unaingizwa kwa sindano ndani ya ngozi, na fundi anachanganya rangi mpaka ifanane na ya mwenyewe. Wako mafundi wanaochora duara pamoja na chuchu kwa vivuli, ukitazama unadhani imesimama, ukigusa ni bapa. Rangi hufifia baada ya miaka, inarudiwa. Kwetu wenye ngozi nyeusi liko jambo la kumwambia daktari mapema: kama kidonda kikipona kwako kinaacha kovu linalovimba na kukua, yaani keloidi, mweleze kabla hajashika kisu.

Na tafadhali, dada zangu wachora hina, msijaribu kumchora mtu duara kwa piko! Piko ya dukani mara nyingi ina dawa ya kutia nywele rangi, inaunguza hata ngozi nzima, seuze penye kovu.

Chuchu hiyo haitoi maziwa, na kwa kawaida haihisi kama ile ya kwanza. Mmeona kuta za magofu yetu hapa zilivyorudishiwa kwa mawe na chokaa. Zimesimama, zinapendeza, lakini hakuna anayehamia humo. Hata hivyo wapo wanawake wanaosema siku walipojitazama kwenye kioo na kuona chuchu, ndipo walipojisikia wamemaliza matibabu. Wengine hawataki kabisa, wamechoka na visu, na hao nao wana haki yao.

Madaktari bingwa wa upasuaji huu nchini ni wachache, wako zaidi kwenye hospitali kubwa za mijini. Kutoka hapa ni mashua mpaka Kilwa Masoko, halafu zaidi ya kilometa 300 za barabara mpaka Dar es Salaam. Nauli, malazi, mtu wa kukusindikiza. Sitawadanganya kwamba ni rahisi.

Kinachoniuma zaidi ni mwingine, yule mwenye uvimbe leo anayeuficha chini ya khanga kwa sababu amesikia "ukienda Ocean Road wanakukata, na mume anakuacha". Akichelewa ndipo analazimika kukatwa. Mama au shangazi akikuambia ameona uvimbe usiouma, chuchu iliyozama ndani au inayotoa damu, mfuateni pamoja hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, wiki hiyohiyo. Wavulana pia, msikilize: wanaume hupata kansa hii, ingawa ni wachache.

Na mama mdogo wa aliyeandika? Anaweza kuanza na titi la kitambaa. Ni pamba laini nje, sufi ndani, na mtama kidogo chini lipate uzito, linaingia ndani ya sidiria. Hili hapa nimelishona mwenyewe jana usiku. Lipitisheni, kila mmoja alishike.