Undugu Uandikwe: Ukiuziwa Nyumba na Jamaa kwa Bei ya Chini

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo likianza huonekana ni baraka tupu. Tuseme mjomba ana ploti yenye nyumba karibu na soko. Anamwambia mpwa wake, "Wewe ni damu yangu. Mtu wa nje angenipa shilingi 1,200,000. Wewe leta laki saba tu, uingie." Wanapeana mikono, chai inapikwa, kila mtu anafurahi. Nasi tunafurahi pia, kwa maana undugu ni kufaana, si kufanana. Kijana ambaye hangeweza kununua kwa bei ya soko amepata mahali pa kulea watoto wake.

Lakini katika kazi yetu ya kutembelea familia tunaona mambo haya yakigeuka. Miaka inapita, mjomba anafariki, na watoto wake wanakuja mlangoni. "Baba alikuwa anakudai laki tano." Mpwa anasema, "Hapana, alinipa." Nani atahukumu? Aliyejua amekwisha kuzikwa. Mara nyingi ugomvi huo hauletwi na ulafi. Unaletwa na jambo moja tu: hakuna aliyesema wazi, siku ile ya chai, ile laki tano ni nini.

1. Laki tano ni nini?

Kuna mambo matatu yanayoweza kujificha ndani ya bei ya kindugu.

Kwanza, inaweza kuwa zawadi. Mjomba ametoa, na amemaliza. Haitadaiwa tena.

Pili, inaweza kuwa deni. Mjomba anafikiri, "Atanilipa polepole akipata kazi," lakini hajasema.

Tatu, inaweza kuwa haki ambayo muuzaji amejiwekea. Labda anataka chumba kimoja mpaka kufa kwake. Labda kuna makaburi ya wazazi kwenye ploti na anataka familia iwe na njia ya kufika hapo. Labda anataka kuendelea kupokea kodi ya ile duka ya mbele.

Yote matatu ni halali watu wakikubaliana. Ubaya ni mmoja kufikiri ni zawadi na mwingine kufikiri ni deni. Basi ulizeni mapema, kwa heshima: "Mjomba, hii iliyobaki umenipa, au nitalipa?" Swali hili si utovu wa adabu. Linamlinda mzee na linamlinda kijana.

2. Waliomo nyumbani wanajua?

Mtu mmoja anaweza kuwa na roho ya kutoa, lakini nyumba si yake peke yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haikodishwi wala kuwekwa rehani bila kibali cha mume na mke. Sikilizeni vizuri: hata zawadi imetajwa. Kama shangazi hakuitwa kwenye ile chai, mambo hayajakamilika. Aitwe, aelezwe, akubali kwa hiari yake, na atie sahihi.

Tena watoto waambiwe, wavulana na wasichana. Hatusemi kila mtoto ana uwezo wa kumzuia mzazi aliye hai asitoe mali yake. Tunasema habari inayosikika mapema haigeuki kuwa kesi baadaye.

Na ikiwa anayeuza kwa bei ya chini ni baba au mama kwa mtoto wake, kuna jambo zaidi. Sheria ya Urithi, kifungu cha 42, inasema kwamba mzazi akifa bila wosia, kile alichompa mtoto wakati wa uhai wake huhesabiwa wakati wa kugawa urithi. Kwa hiyo kiasi cha zawadi kikiandikwa, ndugu hawatabahatisha. Aliyepewa hataonewa, na ambaye hakupewa hatapunjwa.

3. Je, mjomba ana uwezo wa kuuza?

Msilipe hata shilingi kabla ya kuuliza rekodi ya ploti katika ofisi ya usajili wa ardhi. Watu wengi huita hiyo "sachi". Itaonyesha jina la mwenye hati, na kama kuna mkopo au zuio juu yake.

Mara nyingi hati bado ina jina la babu aliyekufa zamani. Hapo mjomba hawezi kukuuzia, hata kama ameishi hapo tangu kuzaliwa. Lazima urithi upitie mahakamani kwanza, na cheti cha usimamizi wa mirathi kithibitishwe, ndipo ardhi iuzwe. Pia kumbukeni, kushika hati mkononi si kuwa mwenyewe. Hati yenye jina la mtu mwingine, hata ukiifungia sandukuni miaka ishirini, bado ni yake.

4. Andikeni, mshuhudiwe

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu mwaka 2003 sheria yetu inataka mapatano ya kuuziana ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwapo. Mwende kwa wakili, lakini mwende mkijua mnachotaka kiandikwe. Kwa mfano:

"Tumekubaliana thamani ya ploti hii ni shilingi 1,200,000. Mnunuzi atalipa shilingi 700,000. Tofauti ya shilingi 500,000 ni zawadi yangu kwake. Si deni, na haitadaiwa na mimi wala na warithi wangu."

Ikiwa ni deni, andikeni litalipwa lini na kwa kiasi gani. Ikiwa ni chumba cha mzee, andikeni chumba gani na mpaka lini. Malipo yapitie benki au M-Pesa ili yaache alama.

Wengine watasema huu ni ugeni. Wale walio na watoto Marekani wawaulize. Huko mzazi akimwuzia mtoto nyumba chini ya bei, benki inayokopesha inaweza kuhesabu ile tofauti kama malipo ya kwanza ya mnunuzi. Lakini hudai barua yenye sahihi inayotaja kiasi cha zawadi, uhusiano wao, na kwamba haitarudishwa. Kuandikiana si kukosa imani.

5. Msisahau bodi na ushuru

Kama ni ardhi ya kilimo, inahitaji kibali cha bodi ya ardhi, hata kati ya ndugu. Ombi lipelekwe kabla ya miezi sita kuisha tangu siku ya mapatano. Bila kibali, mapatano huhesabiwa kuwa bure. Familia nyingi hulegea hapa kwa kusema, "Si ni mjomba tu?"

Halafu kuna ushuru wa stempu: asilimia 2 mashambani, asilimia 4 mijini. Ushuru huu hufuata thamani anayoikubali mthamini wa serikali, si bei ya kindugu. Kwa ploti yetu iliyo mashambani, ikithaminiwa shilingi 1,200,000, jiandae kwa shilingi 24,000, si 14,000. Kikundi kikimkopesha mwanachama, kihesabu pesa hizi pia, la sivyo atakwama njiani na hati haitabadilishwa jina.

Ndugu zetu, hatukuja kuwatisha ili mkatae wema wa jamaa zenu. Pokeeni, mshukuru. Lakini mkamilishe kazi mzee akiwa hai, akiwa na akili timamu, na akiweza kusema kwa kinywa chake, "Ndiyo, nilimpa."

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba au ploti ngapi zilizouzwa kati ya jamaa bila maandishi? Wahusika bado wako hai?
2. Ni nani huachwa nje mambo haya yanapozungumzwa? Kwa nini?
3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mwanachama kabla hajatoa pesa: kwa mashahidi, kwa nauli ya kwenda ofisi ya ardhi, au kwa kumpeleka kwa wakili?