Ndege wa Mafunjo ya Ziwa Albert

Wasikilizaji wetu wa Bunia, nanyi ndugu zetu wavuvi wa Kasenyi na Tchomia:

Ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Uganda, pale Mto Nile unapoingia katika Ziwa Albert, pana kinamasi ambacho tangu mwaka 2006 kimo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu, mkataba ambao Kongo nayo imeukubali. Humo huishi korongo-nyangumi, ndege mrefu wa kijivu, mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu cha mti, ambaye husimama kimya muda mrefu akimvizia kamongo, kisha humwangukia ghafula.

Hutaga mayai mawili hivi, lakini aghalabu kinda mmoja tu ndiye akuaye. Sikieni vema: kinda mmoja tu. Basi amwibaye huyo ili amwuze, amewanyima wazazi wake uzazi wa mwaka mzima. Na atiaye moto mafunjo, ilhali ndege wanaatamia, huteketeza mayai pamoja na mazalio ya samaki, ambao ndio riziki yetu.

Zamani baadhi ya wavuvi wa Uganda walimwua ndege huyu, wakidhani kumwona ni kisirani. Hana kisirani, alipo yeye, samaki wapo.

Kwa hiyo twawaomba: msichome mafunjo. Msichukue yai wala kinda. Ndege akinaswa wavuni, kateni uzi, mwacheni aende. Na ukiona kinda anauzwa, usimnunue hata kwa huruma, kwani fedha yako itamrudisha mwuzaji kinamasini. Nenda ukamwarifu mkuu wa mtaa, au watu wa ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi maumbile.