Nani Yumo Ukumbini? Umoja na Uwakilishi katika Serikali ya Jiji la Mombasa



Mombasa ina wadi 30 katika maeneobunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni. Wamo Waswahili, Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Waluo, Waarabu, Wahindi na wengi wengine walioletwa na bandari na reli wakaweka makao. Katiba ya 2010, Ibara ya 174, inataka ugatuzi ukuze umoja wa taifa kwa kutambua tofauti zetu hizi.

Nianze na viti. Kenya nzima ina wadi 1,450. Mwaka 2013 wanawake walioshinda viti hivyo walikuwa 82, mwaka 2017 wakawa 96, na 2022 wakafika 115. Pengo hilo la jinsia linazibwa na Ibara ya 177 kwa viti vya kuteuliwa, ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya bunge la kaunti, na watu wenye ulemavu, vijana na makundi yaliyotengwa wapate sauti. Viti hivi nitavitetea popote. Shida ni kwamba orodha huandaliwa na vyama, basi mteuliwa hujikuta akikijibu chama kabla ya kulijibu kundi lake.

Ila mimi naona kutengwa kunauma zaidi kwenye bajeti. Makadirio hutakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, na Ibara ya 196 inaamuru wananchi washirikishwe. Sasa mtazameni mama mboga wa Likoni. Kikao kikiitishwa kisiwani Mombasa saa nne asubuhi, afunge kibanda, apange foleni ya feri, apande matatu. Akifika anakabidhiwa kitabu kinene cha Kiingereza, na hali Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Jirani yake kiziwi hana mkalimani wa lugha ya ishara. Wa kiti cha magurudumu amekwama chini ya ngazi. Kisha inapitishwa karatasi ya mahudhurio, wote wanatia saini, na karatasi hiyo ndiyo inayokuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Huo si ushirikishwaji, waheshimiwa. Na mtu aliyerudi nyumbani hivyo, ni rahisi sana mwanasiasa kumwaminisha kwamba kabila fulani ndilo linalokula haki yake.

Ajira nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kwenye kaunti. Majina ya walioajiriwa yasipobandikwa hadharani, uvumi hujaza nafasi.

Naomba tutoke hapa na mambo matatu. Vikao vya bajeti vifanyike katika kila wadi, jioni au siku za mapumziko. Muhtasari wa bajeti utolewe kwa Kiswahili chepesi mapema, na mkalimani wa lugha ya ishara awepo. Tena Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo kisheria lina nafasi za wanawake, wazee, wafanyakazi, watu wenye ulemavu na makundi ya dini, liitishwe kabla ya makadirio kuandikwa. Waheshimiwa wawakilishi wadi mlio hapa mna uwezo wa kuyaanza haya kwenye bajeti ijayo. Tafadhalini, yaanzeni.