Karatasi ambayo mteja ataielewa akiwa nyumbani

Nakala ya hotuba kwa mawakili, wahasibu, mawakala wa bima na maafisa wa mikopo, Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa



Mtaa huu unaitwa Ndia Kuu, si Njia Kuu, kwa sababu wenyewe ni Wamvita na hivyo ndivyo wasemavyo. Lakini mkaazi wa mtaa huu huu akienda kuweka nyumba rehani hupewa rundo la kurasa za Kiingereza cha mahakamani, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi na kuambiwa kwamba hayo mengine ni mambo ya kawaida. Hutia sahihi kwa heshima. Mshauri ni mtu aliyesoma, na kumuuliza neno lile lile mara tatu huonekana ni kumtilia shaka. Kwa hivyo mteja aliyenyamaza asihesabiwe kuwa ameelewa.

Katiba ya mwaka 2010 haikuliacha jambo hili kwa hisani ya mshauri. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Mteja asiyejua atalipa kiasi gani hajapata habari hizo, hata kama karatasi zimepigwa mihuri yote.

Tuseme mwenye duka la vitambaa anakopa shilingi 300,000 kwa miezi 24, na karatasi inasema riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Basi atalipa ngapi? Ikiwa riba inahesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, riba ni shilingi 72,000 na marejesho ni 15,500 kila mwezi. Ikiwa inahesabiwa juu ya salio linalopungua, marejesho ni kama 14,122 kwa mwezi na riba yote haifiki 39,000. Asilimia ni ile ile, muda ni ule ule, na tofauti ni zaidi ya shilingi 33,000. Kwa hakika, mkopo ule wa kwanza ukipimwa kwa njia ya salio linalopungua, riba yake ni karibu asilimia 21.6 kwa mwaka. Mhasibu analijua hili. Mwenye duka ameona "12" tu, akailinganisha na "14" ya benki ya pili iliyohesabu kwa salio, na akachagua iliyo ghali akidhani amepata nafuu.

Tiba yake ni sentensi moja juu ya ukurasa wa kwanza: "Unapokea shilingi 300,000. Utalipa shilingi 15,500 kila mwezi kwa miezi 24. Jumla utakayolipa ni shilingi 372,000." Ada ya bima, ya wakili na ya kushughulikia mkopo ziandikwe hapo hapo, na ikiwa zitakatwa kabla pesa hazijatoka, basi kiasi cha kupokea si 300,000 tena na kiandikwe kama kilivyo. Asilimia zifuate baadaye.

Kuandika kwa Kiswahili peke yake hakutoshi, maana Kiswahili nacho kina mitego yake. Neno "dhamana" laweza kuwa nyumba, laweza kuwa mtu, na wengi hulijua kwa kumtoa mtuhumiwa rumande. Andika "nyumba yako ndiyo rehani". "Mkopaji" na "mkopeshaji" hutofautiana kwa silabi moja, na mzee anayesoma kwa miwani ya kuazima ataviruka. Andika "wewe" na jina la benki. Kisha kuna saa. "Malipo yafike kabla ya saa 10" kwa afisa aliyezoea saa za Kizungu ni asubuhi. Kwa Mswahili ni alasiri. Neno moja, asubuhi au jioni, linaokoa faini.

Kwenye rehani ya ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ina hesabu ya siku ambayo mteja anastahili kuipata siku ya kutia sahihi, si siku dalali anapobisha hodi. Aliyeshindwa kulipa na kukaa hivyo mwezi mmoja anaweza kupewa notisi ya kulipa, na ana siku 90 za kurekebisha. Akishindwa, ipo notisi ya kuuza, isiyopungua siku 40. Dalali naye, kwa kanuni zake, hutoa notisi ya siku zisizopungua 45 ili mwenye mali aikomboe. Wengi hupokea bahasha ya kwanza na kuitia mtotoni mwa kabati kwa aibu. Siku zinahesabika hata bahasha ikiwa haijafunguliwa.

Sheria hiyo hiyo inataka ridhaa ya mume au mke kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Hapa mshauri hana budi kuwa na subira: mke aliyeitwa kuja kutia sahihi, na hesabu ikaelezwa kwa mumewe tu, ameridhia nini? Aelezwe yeye mwenyewe. Na kwa Pwani kuna swali la ziada, kwani kuna nyumba zisizo na ardhi, ukuta ni wa huyu na kiwanja ni cha yule, na kuna mali za wakfu ambazo haziuzwi wala hazirithiwi. Karatasi iseme wazi ni kitu gani hasa kinachowekwa.

Wadhamini ndio husahaulika zaidi. Watu wanne wakimdhamini mwenzao mkopo wa 400,000, kila mmoja hujihesabia 100,000. Lakini hati ikisema wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", mmoja aliyebaki mjini anaweza kudaiwa zote. Maneno hayo yafuatwe na mfano wenye tarakimu.

Afrika Kusini, katika sheria yake ya mikopo ya mwaka 2005, iliweka kipimo kizuri: je, mtu wa kawaida miongoni mwa wanaolengwa na hati, mwenye elimu ya wastani na asiyezoea mikopo, ataielewa bila taabu? Anayepimwa hapo ni msomaji. Ndia Kuu kipimo hicho kinaweza kufanywa kwa dakika tano: mteja asomewe ukurasa wa kwanza, kisha aulizwe aeleze kwa maneno yake atalipa ngapi, lini, na akishindwa atapoteza nini. Akikwama, kirekebishwe kilichoandikwa, na sahihi isubiri hadi kesho.

Hesabu ya mkopo wa shilingi 300,000, kwa njia zote mbili, imechapishwa na iko kwenye meza ya mlangoni. Kila mmoja achukue nakala, kisha maswali.