Mtoto asomee madini?

Mama mmoja aliniambia: "Madini ndiyo yalitukimbiza, na sasa mtoto anataka kuyasomea!" Nilimwelewa. Lakini metalurjia si kuchimba shimo. Ni kutenganisha metali na jiwe, kwa moto na asidi. Kobalti nyingi ya Kongo inatoka ikiwa haijasafishwa kikamilifu, kazi inamalizikia China. Bila wainjinia wetu, itaendelea hivyo.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha somo hilo. Popote mtakapochagua, kabla ya kulipa minervali ulizeni: mtoto ana nguvu katika hesabu na kemia? Maabara inafanya kazi? Diploma inatambuliwa na Serikali? Na mabinti msiwaache nyuma.