Dhamiri ya Mwanasayansi: Maisha ya Profesa Joseph Rotblat (1908–2005)



Mwaka 1984 mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, aliungana na viongozi wa Argentina, Ugiriki, India, Meksiko na Uswidi kuyataka mataifa makubwa yasimamishe mashindano ya silaha za nyuklia. Mtu aweza kuuliza: mkulima wa Bunda au mvuvi wa Musoma anahusikaje na bomu la atomu? Anahusika. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa majirani wanaosema Kiswahili. Tena vumbi la mionzi halijui mpaka wa nchi.

Kati ya waliolitambua jambo hilo mapema ni Joseph Rotblat. Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1908, katika familia ya Kiyahudi iliyofilisika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alijitafutia riziki kwa kazi ya umeme huku akisoma, hata akapata udaktari wa fizikia mwaka 1938. Mwaka uliofuata alikwenda Liverpool, Uingereza, kufanya utafiti chini ya James Chadwick. Mwezi Agosti alirudi kumchukua mkewe, Tola, lakini mama huyo alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Rotblat alitangulia. Siku chache baadaye vita vililipuka na njia zikafungwa. Tola aliangamia pamoja na Wayahudi wengine wa Poland, naye mumewe hakuoa tena.

Mwaka 1944 alijiunga na wanasayansi wa Los Alamos, Marekani, waliokuwa wakitengeneza bomu. Hofu yake ilikuwa moja: Hitler asije akalipata kwanza. Mwishoni mwa mwaka huo ilibainika kwamba Ujerumani ilikwisha kuuacha mpango wake. Kwa Rotblat, sababu iliyompeleka ilikuwa imekoma, akaomba kuondoka. Alishukiwa kuwa mpelelezi, lakini hakugeuka. Anakumbukwa kuwa mwanasayansi pekee aliyeiacha kazi ile kwa ajili ya dhamiri kabla bomu halijakamilika. Agosti 1945 Hiroshima na Nagasaki ziliteketea.

Hakuichukia elimu yake; aliigeuza itumikie uhai. Kuanzia mwaka 1950 alikuwa profesa wa fizikia katika chuo cha tiba cha hospitali ya St Bartholomew, London, akichunguza matumizi ya mionzi katika tiba na madhara yake mwilini. Mwaka 1955 alitia sahihi tamko la Bertrand Russell na Albert Einstein dhidi ya vita vya nyuklia. Mwaka 1957 wanasayansi 22 wa kambi zilizohasimiana walikutana Pugwash, Kanada, naye akawa katibu mkuu wa umoja wao hadi 1973. Mkutano wao mmoja ulifanyika Addis Ababa mwishoni mwa mwaka 1965.

Alistaafu chuoni mwaka 1976, lakini wito wake haukustaafu. Mwaka 1988 alikuwa rais wa umoja huo, na mwaka 1995, akiwa na miaka 87, alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja nao. Alifariki tarehe 31 Agosti 2005.

Rotblat hakuwa Mkristo. Hata hivyo, watoto wa Matengenezo, wanaokumbuka jinsi Martin Luther alivyokataa kuikana dhamiri yake pale Worms mwaka 1521, hawawezi kumwona mgeni.

Leo mgonjwa wa saratani atokaye Bunda huweza kutibiwa kwa mionzi Bugando, Mwanza, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, husimamia usalama wa mionzi hiyo. Nguvu iliyo ndani ya chembe ni ile ile: yaponya, yaua. Vijana wa usharika huu wanaosoma sayansi na wajifunze kwa bidii. Lakini siku watakapoagizwa kufanya lisilo haki, wakumbuke kwamba mtu mmoja aliweza kufunga sanduku lake na kuondoka.

Amina.