Kuuza Nyumba: Tufungue Milango au Tufiche?

(Mazungumzo mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima)

Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kuuza nyumba. Sisi si wataalamu. Sisi ni wakulima, watoto wanne tuliobaki wa mzee mmoja. Tuliuza nyumba ya marehemu baba yetu. Tulikosea, tukajifunza, na hayo ndiyo tunayowaeleza leo.

Swali letu ni hili. Je, mtu akitaka kuuza nyumba, kuna faida kutangaza siku, kufungua milango na kumwacha kila mtu aingie atazame? Au heri auze kimya kimya?

Huko Marekani kufungua milango ni desturi ya siku nyingi. Mara nyingi ni Jumapili mchana. Kibao huwekwa barabarani na apitaye huingia. Hata wao hubishana. Wengine husema wanaoingia wengi ni watazamaji tu, na anayefaidi ni dalali, maana hupata wateja wapya. Sasa kwetu kijijini ikoje?

Kaka yetu mkubwa alifariki akaacha watoto watatu. Mmoja alikuwa chuoni, wawili shuleni. Ada ya chuo, sare, madaftari, vyote vikatuangukia sisi. Nyumba ya baba ilikuwa imefungwa, mchwa wanaila. Tukakaa kikao cha ukoo, tukakubaliana iuzwe ili watoto wasome. Dada yetu akateuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi.

Mara akaja dalali. Akasema, "Mteja ninaye. Anatoa shilingi 6,000,000 taslimu. Lakini iwe kesho, na majirani wasijue."

Wawili wetu walitaka tupokee. Shida ilikuwa mlangoni. Wawili wakauliza: kama biashara ni ya haki, kwa nini majirani wasijue? Tulibishana mpaka usiku. Mwishowe tukakataa.

Tukamweleza mwenyekiti wa kitongoji. Tukatangaza msikitini, kanisani na guliani kwamba Jumamosi na Jumapili nyumba itakuwa wazi. Mzee mmoja akatucheka. Akasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Basi siku ikafika. Mdogo wetu wa kike, aliyejifunza kusoma ukubwani kama ninyi, alikaa mlangoni na daftari. Aliandika majina 47. Waliouliza bei walikuwa 6 tu. Aliyenunua hakuwepo hata mmoja! Wengi walikuja kutazama, kunywa maji na kuuliza kama tumefilisika. Tena jembe la baba likapotea. Jioni ya Jumapili tulijiona wajinga.

Lakini hebu sikilizeni yaliyofuata.

Kwanza, tulijua bei. Katika wale sita alikuwamo fundi mwashi. Aligonga kuta, akatazama msingi na bati. Akatuambia, "Matofali haya ni ya kuchoma na msingi ni wa mawe. Milioni sita ni kuwapunja." Wengine nao walitaja bei zao. Yule dalali alikuwa ametutajia bei moja tu, na sisi hatukuwa na ya kulinganisha.

Pili, habari ilitembea. Mama mmoja aliyekuja kutazama tu alimweleza mkwe wake, mwalimu anayetafuta nyumba. Wiki ya tatu mwalimu akaja. Yeye ndiye aliyenunua. Kumbe aliyetazama si lazima anunue. Akisema kwa mwingine, inatosha.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Jumapili alikuja bibi jirani, mjane, na mkongojo wake. Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma, akasimama penye choo na migomba. Akasema, "Wanangu, hapa ni pangu. Marehemu mume wangu alimwazima baba yenu mwaka 1981."

Tulikasirika. Tukamwuliza, "Mbona hukusema siku zote?"

Akajibu, "Nani aliniuliza? Baba yenu na mimi tulielewana. Wanaouza ni ninyi."

Wazee wawili waliokuwepo wakasema ni kweli. Tukaenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe saba, na wanawake hawapungui watatu. Likatupatanisha. Tukarudisha kipande kile, tukapanda minyaa kwenye mpaka na kuchimba choo kingine kwa gharama yetu. Mwalimu akalipa shilingi 8,200,000, akijua kila kitu.

Ndugu zetu, fikirini. Kama tungepokea zile milioni sita gizani, pesa zingeishia kwenye ada. Mnunuzi angegombana na bibi, kisha angetudai sisi. Tungemlipa nini? Na yule mjane pengine angepoteza ardhi yake. Tungekuwa tumemuuza mtu bila kujua.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kufungua milango hakuleti mnunuzi siku ile ile. Faida yake ni kuleta mashahidi na wenye madai kabla pesa hazijalipwa. Mficha uchi hazai.

Lakini fungueni kwa akili:

1. Ondoeni vitu vya thamani mapema. Kila chumba kiwe na mtu wa kusimamia. Sisi tulipoteza jembe, wengine wangepoteza zaidi.

2. Andikeni majina ya wanaoingia, na bei wanazotaja. Mali bila daftari huisha bila habari.

3. Waiteni majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka.

4. Mwenye ndoa asiuze peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kuridhia.

5. Ardhi ikiwa ya kijiji, nendeni kwenye Halmashauri ya Kijiji mpate kibali. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Kuonekana na watu wengi si kibali.

6. Someni mkataba wenyewe, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi. Msimwachie dalali awasomee. Kisomo tulikisomea nini?

Wale watoto watatu bado wanasoma. Yule bibi bado ni jirani mwema wa mwalimu, na ndizi za migomba ile hula wote wawili.



Maswali ya kujadili kikundini:

1. Je, kijijini kwenu kuna nyumba au shamba lililouzwa kwa siri? Matokeo yake yalikuwa nini?

2. Mipaka ya kiwanja chako imeandikwa wapi? Nani mwingine anaijua?